Nazi, simsim, zeituni au glisirini? Kuchagua cha kupaka ngozi kavu hapa Mombasa

Nyanya yangu hujipima ngozi kwa ukucha. Hukaa barazani asubuhi kabla jua halijafika ukutani, hupandisha leso hadi chini ya goti, hupitisha ukucha wa kidole cha shahada juu ya muundi, kisha huinama kuangalia. Ukibaki mstari mweupe kama wa chaki, huniita: "Mwanangu, leo nimepauka. Nipe chupa." Usipobaki, huteremsha leso na kurudi kwenye chai yake.

Kaskazi hii iliyopita, msimu wetu wa joto na ukavu, mstari ulibaki kila siku, hata siku aliyojipaka mara mbili. Miundi ilifanya vijistari kama udongo wa shamba lililokosa mvua, na usiku alijikuna mpaka shuka likaingia madoa ya damu. Mimi nami, ninayeshinda ndani ya kiyoyozi kwenye ofisi moja karibu na Moi Avenue, mikono yangu ilikuwa ikikwaruza kitambaa kila nikivaa buibui. Ndipo tukaamua kuacha kubahatisha. Tulichukua vitu ambavyo watu wa mtaa wa Kibokoni hutuambia ni dawa ya ukavu, tukavilinganisha: mguu wa kulia hiki, mguu wa kushoto kile, wiki mbili mbili, bila kuchanganya. Ninayoyaandika yametoka kwenye miguu hiyo na mikono yangu, pamoja na niliyosoma ili nielewe kwa nini kimoja kilifaa na kingine kikashindwa.

Kwanza maji unayooga

Jamaa zetu wa bara huniuliza ngozi itakaukaje Mombasa, mahali ambapo shati huloa jasho kabla hujafika stendi ya matatu. Ni kweli hewa yetu ina unyevu mwingi kuliko ya Nairobi. Lakini ngozi haikauki kwa sababu ya hewa peke yake. Hukauka kwa sababu ya kile kinachoyaondoa mafuta yake ya asili, na katika mji huu vitu hivyo ni vingi: maji ya kisima yenye chumvi, sabuni kali, kiyoyozi cha mchana kutwa, na bahari kwa wanaooga pwani kisha wakalala bila kujisuuza.

Mji unategemea maji ya mbali, ya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi. Mfereji ukikauka, sisi hurudi kisimani, na kila aliyeoga kwa maji ya kisima cha Mji wa Kale anajua sabuni haitoki povu. Unasugua, unasugua, na kinachobaki ni utando unaoteleza usiosuuzika. Madini ya maji yale, hasa chokaa, hushikana na sabuni na kuganda juu ya ngozi. Utando huo huwasha, na mtu akiwashwa huongeza sabuni. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, kipimo chake cha pH karibu 5 (chini ya 7 ni uchachu, juu yake ni ukali kama wa magadi), na sabuni ya kawaida ya kipande hufika 9 au 10. Ukiipaka mwili mzima mara mbili kwa siku unaufua mwili kama unavyofua nguo.

Kwa hiyo kabla hatujagusa chupa yoyote tulibadilisha mambo matatu. Nyanya huoga maji ya kisima kama kawaida, lakini kata mbili za mwisho ni za maji matamu kutoka kwenye mtungi wa mkokoteni. Lita mbili zatosha miguu na mikono, hata maji yawe ghali namna gani wiki hiyo. Sabuni ni ya kwapa, sehemu za siri na nyayo. Muundi hauna uchafu wa kuhitaji sabuni kila siku. Na maji ya moto yaliyokuwa yakichemshwa kwenye sufuria kubwa tuliyapunguza hadi uvuguvugu, ingawa hilo ndilo lililoleta ubishi mkubwa nyumbani. Baada ya siku kumi, kabla ya mafuta yoyote mapya, mstari wa ukucha ulikuwa umefifia nusu. Ukitaka kuchagua kati ya kununua mafuta ya bei na kubadilisha namna unavyooga, anza na hili la pili.

Jambo jingine la kujua kabla ya kulinganisha: si kila kinachopakwa kinafanya kazi moja. Kuna kinachovuta maji na kuyashika kwenye ngozi, kama glisirini na asali. Kuna kinacholainisha na kujaza vile vijistari, kama mafuta ya mbegu na ya nazi. Na kuna kinachofunika juu maji yasitoke, kama mafuta ya mgando na nta. Mafuta hayana maji ndani yake. Ukiyapaka juu ya ngozi iliyokauka kabisa, yataifanya ing'ae tu. Ndiyo maana kila kitu hapa chini tulikipaka ndani ya dakika tatu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na umande, imepapaswa kwa taulo bila kusuguliwa.

Mafuta ya nazi

Haya ndiyo niliyoyatarajia zaidi na ndiyo yaliyoniangusha mwanzoni, kwa kosa lisilokuwa lao. Chupa aliyokuwa akitumia nyanya niliinunua mimi, dukani, ina picha ya nazi mbele na harufu tamu ya kuvutia. Siku niliyokaa kusoma maandishi madogo ya nyuma nikakuta kitu cha kwanza kimeandikwa paraffinum liquidum, yaani mafuta mepesi ya petroli, na manukato chini yake. Nazi ilikuwa mwisho wa orodha. Manukato yale ndiyo yaliyokuwa yakimchoma kwenye nyufa. Tangu siku hiyo mimi husoma nyuma ya chupa kabla ya mbele.

Hata ya masoko ya Marikiti na Kongowea, yanayouzwa kwenye chupa za maji zilizotumika, si yote ni nazi tupu. Kuna njia rahisi ya kupima. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Tia kidogo kwenye glasi, weka ndani ya friji saa mbili. Nazi tupu itakuwa nyeupe na ngumu yote, kama nta. Ikibaki tabaka ya majimaji juu au katikati, yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Na usiogope ukiamka asubuhi ya Julai, wakati wa kipupwe, ukayakuta yameanza kuganda na kuwa meupe kwenye chupa. Hiyo ni dalili njema.

Tuliamua kuyapika wenyewe. Unahitaji nazi zilizokomaa, zile ukizitikisa unasikia maji yakicheza ndani. Koroma haina mafuta ya kutosha. Nazi sita tulizikuna kwa mbuzi, tukamimina maji ya uvuguvugu, tukakamua kwa kifumbu. Tui la kasimile tuliliacha usiku kucha, asubuhi mafuta yake mazito yakawa yameelea juu. Tuliengua yale ya juu tu, tukayatia kwenye sufuria nzito juu ya moto mdogo sana. Hapo kazi ni ya masikio. Mwanzo sufuria hulalamika na kurusha, kwa sababu maji bado yamo. Kadiri yanavyokwisha sauti hupungua, vipande vya kahawia huanza kuzama, na harufu inakuwa kama ya kashata. Sauti ikinyamaza kabisa, epua. Ukiepua mapema maji hubaki na mafuta yatachacha ndani ya wiki chache. Ukichelewa yanaungua na kuwa na harufu kali. Yachuje kwa kitambaa safi, yatie kwenye chupa ya kioo iliyokauka kwelikweli. Nazi sita zilitupa chupa ndogo, hazikufika nusu lita.

Je, yanafaa? Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, inayoingia kwenye ngozi kwa urahisi na yenye nguvu fulani juu ya vijidudu. Madaktari wa ngozi wa Ufilipino walichapisha mwaka 2004 jaribio la watu 34 wenye ngozi kavu, wengine wakipaka miguuni mafuta ya nazi na wengine mafuta mepesi ya petroli, mara mbili kwa siku kwa wiki mbili. Matokeo yalilingana, na nazi haikuleta madhara. Si jaribio kubwa, lakini linalingana na tulichokiona kwa macho: mguu wa nyanya uliopakwa nazi ulitulia siku ya tano, na usiku hakujikuna.

Kasoro zake ni mbili. Usoni yaliniletea vipele kwenye paji la uso ndani ya wiki moja, na wenye chunusi watayajutia. Na mwenye mba wa kichwani na kwenye nyusi asiyategemee, kwa sababu mafuta yanaweza kuulisha ule ukungu unaosababisha mba.

Zeituni, ambayo watu hawataki isemwe vibaya

Najua ninagusa kitu kinachopendwa. Zeituni ina heshima yake katika dini yetu na mezani kwetu, na sina neno na chupa iliyoko jikoni. Lakini kwa ngozi iliyopasuka ilishindwa na nazi, na nilipotafuta sababu niliipata. Mafuta ya zeituni yana asidi ya oleiki kwa wingi, mara nyingi zaidi ya nusu yake na hata robo tatu. Asidi hiyo hupenya kwa kulegeza vile vitu vinavyoshikanisha seli za juu ya ngozi. Watafiti wa Sheffield, Uingereza, walichapisha mwaka 2013 jaribio la watu wazima 19. Walipaka matone sita ya zeituni kwenye mkono, mara mbili kwa siku, kwa wiki nne au tano, na baadhi yao mkono wa pili wakapaka alizeti. Mkono wa zeituni ulidhoofika kinga yake ya juu na kupata wekundu kidogo. Mkono wa alizeti ulibaki salama na unyevu wake ukaongezeka.

Jambo hili linanigusa zaidi kwa ajili ya watoto wachanga. Katika nyumba nyingi tunazozijua, mtoto akitoka kuoga hukandwa kwa zeituni tangu siku ya saba. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na kama ukoo una ukurutu au pumu, mimi ningeiacha zeituni kabisa. Dada yangu aliiacha, akatumia nazi tuliyoipika. Nyanya alikubali, baada ya kuuliza mara tatu kama nina uhakika.

Simsim na alizeti

Simsim, yaani ufuta, ni mafuta ya pwani kuliko watu wengi wa siku hizi wanavyojua. Zamani yalikamuliwa kwa kinu kilichozungushwa na ngamia, na wazee wanakumbuka harufu yake mitaani. Mgawanyo wake ni wa kati: oleiki na linoleiki karibu sawasawa. Hii linoleiki ndiyo ngozi huitumia kujenga ukuta wake, kwa hiyo simsim haibomoi kama zeituni. Pia haichachi haraka kwenye joto letu, kwa kuwa ina vitu vya asili vinavyoyazuia kuharibika.

Kwenye muundi wa nyanya simsim ililingana na nazi, na kwa magoti na viwiko ilishinda, maana ni nzito na inakaa. Nyanya mwenyewe aliichagua kwa ajili ya kukandwa usiku. Kilichoniudhi ni harufu na madoa. Kanga yangu ya kulalia ina alama ya manjano isiyotoka. Tafuta yaliyokamuliwa bila kukaangwa. Yale meusi yenye harufu ya karanga za kukaanga ni ya chakula. Na kama kuna mtu nyumbani anayeumuka midomo akila ufuta, usimpake kabisa.

Alizeti ni ya bei nafuu kuliko yote niliyoyataja, haina harufu, na ina linoleiki nyingi. Chupa yoyote safi ya jikoni iliyoandikwa alizeti tupu inafaa. Nunua ndogo, kwa sababu ikikaa karibu na jiko inachacha upesi. Kwa mama asiye na nafasi ya kukuna nazi, nitamwambia aanze hapa, bila wasiwasi wowote.

Glisirini na marashi ya mawaridi

Kama kuna kitu Mombasa ina bahati nacho kuliko bara, ni hiki. Glisirini huvuta maji. Penye hewa kavu, ikipakwa tupu, inaweza kuyavuta kutoka chini ya ngozi yako mwenyewe na kukuacha umekaza zaidi. Hapa kwetu hewa ina unyevu wa kutosha, ngozi hupata cha kunywa. Ila usiipake tupu hata hapa. Changanya kijiko kimoja cha glisirini na viwili vya marashi ya mawaridi au maji yaliyochemshwa yakapoa. Marashi yawe yale ya kweli ya kutilia kwenye mrashi, maji na mawaridi tu. Siku hizi chupa nyingi zina spiriti ndani, na spiriti hukausha. Tengeneza kidogo kidogo, cha wiki moja, weka kwenye friji.

Kwa uso wangu hakuna kilichokaribia mchanganyiko huu. Haukuniletea chunusi, hauangazi kama mafuta, na chini ya kiyoyozi nikiuongezea matone mawili ya alizeti juu yake unafika hadi jioni. Mikono pia. Lakini kwenye miguu ya nyanya tuligundua kitu ambacho sikukifikiria. Wiki ile kulia kulikuwa na nazi, kushoto glisirini. Alfajiri mguu wa kushoto ulikuwa mlaini kuliko wa kulia. Kufika adhuhuri ulikuwa umepauka, na alasiri ukucha ulichora mstari. Sababu ni udhu. Mtu anayetawadha mara tano huosha miguu, mikono na uso mara tano, na glisirini huyeyuka kwenye maji na kwenda zake. Nazi hubaki kiasi. Kwa hiyo mwenye kutawadha na akapenda glisirini, aipake tena kila baada ya sala, au aichague kwa usiku tu. Na kwa yeyote, baada ya udhu usikimbilie kufuta. Tone moja la mafuta juu ya mguu ulioloa hufanya kazi kuliko vijiko viwili saa moja baadaye.

Magaga: mgando au nta

Kisigino kilichopasuka ni habari nyingine. Ngozi ya hapo ni nene, haina tezi za mafuta, na mafuta mepesi hayaifikishi mbali. Ukweli ni kwamba mafuta ya mgando ndiyo yanayofunika kuliko kitu chochote cha nyumbani. Huzuia karibu maji yote yasipotee. Yanatoka kwenye petroli, na anayetaka vitu vya asili tu huyakataa. Mimi siwezi kukwambia hayafai, maana yanafaa, ni rahisi, na hayaleti mzio mara nyingi. Nyanya tu hapendi kutawadha akiwa na mgando mguuni, kwa hiyo huyapaka baada ya isha, anavaa soksi za pamba, analala.

Badala yake ni nta ya nyuki. Kwangua kijiko kimoja cha nta, tia kwenye bakuli pamoja na vijiko vinne vya mafuta ya nazi, weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka hadi nta iyeyuke. Nta huyeyuka ikipita nyuzi 60, kwa hiyo ikishaganda haitamwagika hata chumba cha kaskazi kikiwa na joto la kukatisha tamaa, tofauti na nazi peke yake. Tuliipaka kisigino kimoja na mgando kingine. Mgando ulilainisha siku mbili mapema. Baada ya wiki tatu sikuweza kutofautisha visigino hivyo.

Loweka miguu dakika kumi kwenye maji ya uvuguvugu, sugua kwa jiwe la miguu taratibu, papasa, paka. Usikate magaga kwa wembe. Mwenye kisukari asisugue kabisa. Ufa mdogo wa kisigino kwake unaweza kuwa kidonda cha miezi, na mguu wake uangaliwe kliniki.

Vilivyobaki

Mshubiri ni maji karibu yote. Unapoza vizuri baada ya jua la pwani, kisha ukikauka unakaza ngozi. Utumie chini ya mafuta, si peke yake, na ulisimamishe jani robo saa ule utomvu wa manjano mchungu utoke, kwa kuwa unawasha. Asali ni nzuri kwa midomo iliyopasuka, kwingine inanata tu. Papai na parachichi ni chakula; nilipovipaka usoni sikuona tofauti.

Singo ya kusugulia mwili na liwa, ule unga wa mti wa harufu, navipenda kwa harufu na kwa kumbukumbu ya harusi zetu, na bi harusi asikose. Ila kwa ngozi iliyopasuka, kusuguliwa ni kuongezewa majeraha, na liwa ikikauka huvuta mafuta. Ngoja ngozi ipone, kisha jisinge mara moja kwa wiki, ukijipaka mafuta baadaye.

Limau usijipake. Najua ushauri wake umeenea. Uchachu wake unachoma nyufa, na maji ya limau yakikutana na jua letu huchoma ngozi na kuacha madoa meusi ya miezi. Magadi nayo ni makali kupita sabuni.

Kuhusu kunywa maji mengi, kunywa kwa afya yako, lakini usitarajie glasi nane zitalainisha muundi. Ukavu huu unatibiwa kutoka nje.

Nani achukue nini

Kama una mafuta ya kununua aina moja tu, ya nyumba nzima, chukua nazi tupu iliyopimwa kwenye friji, au alizeti ukiwa na pesa kidogo. Mtu wa ofisi yenye kiyoyozi abebe kichupa cha glisirini na marashi kwenye mkoba, kwa uso na mikono. Mzee apewe nazi mchana, simsim usiku. Mpake akiwa ameketi, nje ya bafu, na avae kandambili zisizoteleza, kwani sakafu yenye mafuta imevunja nyonga za wazee wengi. Nguo na taulo zilizolowa mafuta ziwekwe mbali na jiko la makaa na mishumaa. Hushika moto upesi. Mtoto mchanga, nazi au alizeti, kidogo, na uangalie siku mbili kwenye eneo dogo la mkono kabla ya kumpaka mwili mzima. Hata mtu mzima afanye jaribio hilo.

Kisha kuna ngozi ambayo si kavu tu. Kama nyumba nzima mnawashwa usiku, hasa katikati ya vidole na kiunoni, huo huenda ni upele unaoambukiza, na mafuta yatawapotezea muda. Duara lenye kingo zilizoinuka huenda ni choa. Mtoto ambaye mikunjo ya viwiko na magoti imekuwa myekundu, inatoa majimaji au ukoko wa manjano, apelekwe kwa daktari. Na mzee anayewashwa mwili mzima bila kuonekana chochote, hata baada ya wiki tatu za kupakwa vizuri, apimwe damu: figo, ini, sukari na tezi ya shingo vinaweza kuanza kwa kuwasha.

Nyanya alipimwa, akaonekana mzima. Siku hizi ana chupa mbili barazani, ya nazi yenye kifuniko chekundu na ya simsim yenye kifuniko cheupe, ili asichanganye asubuhi asipokuwa na miwani. Masika yakianza tutapunguza ya usiku, tuone ukucha utasema nini.